Lettow-Vorbeck, Paul von (1870–1964)

Jemadari wa Kidachi aliyeongoza majeshi ya Dola yake katika Afrika ya Mashariki tangu 1914 hata 1918. Alizaliwa Saarlouis tarehe 20 Machi 1870, akapigana Uchina mwanzoni mwa karne, kisha akapelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi katika vita vilivyowaangamiza Waherero, ambako alijeruhiwa jicho.

Aliwasili Dar es Salaam Januari 1914, naye ni luteni kanali. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni ibaki katika amani. Lettow alishika rai kwamba kila askari wa Kiingereza atakayeshughulishwa huku amepungua katika vita vya Ulaya, na azma hiyo hakuiacha. Novemba 1914, jeshi lililotoka Bara Hindi, watu wapatao 8,000, liliposhuka Tanga, yeye kwa watu wapata 1,000 alilirudisha baharini, nyuki walioghadhibika wakizidisha fazaa ya wageni, nazo bunduki na risasi zilizoachwa pwani zikawa ghala yake. Manowari Königsberg ilipoangamia Rufiji mwaka 1915, mizinga yake iliopolewa majini ikavutwa bara kwa nguvu za mikono ya watu.

Tangu 1916, Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Kiingereza, alipomshukia na jeshi kubwa, alirudi nyuma huku akipigana. Mahiwa, Oktoba 1917, alishinda kwa hasara asiyoweza kuifidia, Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kusimama Ulaya, akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia.

Sifa yake ya kutoshindwa imeandikwa mno, wala ustadi wake haukanushiki. Lakini mwenye kuitaja na aitaje pamoja na gharama yake, kwani jeshi lisilo na meli wala reli hula ghala za wanavijiji na kutembea kwa migongo ya wapagazi. Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na ng'ombe, ilishukiwa na njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu yao wenyewe, walizidi 40,000, aghalabu kwa maradhi na njaa. Wa Lettow hawakuwekewa hesabu kamili.

Mwaka 1920 alitolewa jeshini kwa kuunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya Ujerumani, akawa mbunge 1928 hata 1930, akafariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Mwaka huo huo serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee wa Lettow waliokuwa hai malimbikizo ya mishahara yao. Ama wapagazi, jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam walikopiga kambi wale wa Kiingereza.