Maji ya Tanga Yanatoka Amani

Mto Zigi unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, unateremka Muheza, kisha unaingia Bahari ya Hindi kaskazini ya mji wa Tanga. Kabla haujaiona bahari unakutana na ukuta. Hilo ndilo bwawa la Mabayani, lililojengwa 1978, na sehemu kubwa ya maji ya bomba mjini Tanga hutoka humo.

Kazi ya bwawa ni rahisi kueleza. Mvua za masika zinajaza, kiangazi kinapunguza, pampu zinasukuma maji hadi mtambo wa Mowe. Pale yanatiwa shabu, ile ile ambayo bibi zetu walizungusha kwenye mtungi, ili tope ligandane na kuzama. Yanachujwa, yanatiwa klorini, yanakwenda kwenye matangi ya mji. Kinachosumbua ni tope. Likizidi, dawa nyingi zaidi inahitajika. Lisiloingia mtamboni linatulia chini ya bwawa na kula nafasi ya maji mwaka hata mwaka.

Tope hilo lina historia ndefu kuliko bwawa lenyewe. Wajerumani walifyeka msitu huko juu wapande kahawa, na udongo ukawaangusha. Mwaka 1902 wakaanzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo, wakajenga na reli ndogo ya kuingia bonde la Zigi. Baadaye yakaja mashamba ya chai. Katika miaka ya 1970, wakati Mabayani inajengwa, magogo ya Usambara yalikuwa yakishushwa kwenda kupasuliwa viwandani. Yaani tulikinga maji kwa mkono mmoja huku mwingine ukivua nguo mlima unaoyaleta. Ukataji ule ulisimamishwa miaka ya 1980, lakini mwishoni mwa 2003 ikazuka dhahabu Sakale, na wachimbaji wakamiminika kwenye vyanzo vya mto.

Serikali ilijibu, mara nyingi, kwa kufunga msitu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa 1997. Jirani yake, Derema, wakulima zaidi ya 1,000 walitakiwa kuacha iliki yao iliyostawi chini ya kivuli cha miti mikubwa, na suala la fidia likavutana kwa miaka. Iliki ndiyo iliyokuwa ada ya shule. Sidhani kama wengi wetu tuliokulia mjini tuliwahi kuhesabu hilo kwenye bili ya maji.

Jaribio lililonivutia zaidi ni la wakulima wenyewe. Kwenye bonde la Zigi kuna umoja wao, UWAMAKIZI, wanaolima kwa makinga maji, wanapanda miti na kuacha kulima kingo za mto. Wanaofaidika kwanza wako bondeni, kwenye mabomba.

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Fedha ni za kupanua huduma na kutunza chanzo. Mwenye hatifungani anajua tarehe atakayolipwa riba yake. Mkulima wa Zigi aliyeacha mita kadhaa za shamba lake kando ya mto hana karatasi yenye tarehe.