Baada ya Desemba: Ulinzi wa Wasichana Wanaokimbia Ukeketaji Mkoani Mara

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, likizo ya Desemba ndiyo msimu wa ukeketaji kwa baadhi ya koo za Wakurya. Wazee wa mila huamua mwaka wa tohara, na Desemba hufaa kwa sababu shule zimefungwa, ndugu wa mjini wamerudi, na msichana anapata wiki kadhaa za kuuguza kidonda kabla ya Januari. Hatari hupanda wakati uleule mwalimu anapokuwa mbali na wanafunzi wake.

Kituo cha Masanga, Tarime, na Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, huwapokea wanaokimbia, vikisaidiana na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi na maofisa ustawi wa jamii. Hifadhi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi ikiwa itakoma ngoma za tohara zinapokoma.

Sababu ya kwanza ni kurudi nyumbani. Msichana aliyekimbia huonekana amewaaibisha wazazi mbele ya ukoo. Akirudi anaweza kunyimwa mahitaji ya shule, kuozwa, au kukeketwa kwa siri. Ndiyo maana wazazi huitwa kwenye usuluhishi na kutakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba hawatamdhuru. Ahadi hiyo ina nguvu pale tu ofisa anapofika nyumbani baadaye kuona inavyotekelezwa. Wazazi wakikataa, mtoto hana budi kupata makazi na shule kwingine.

Sababu ya pili ni sheria. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa mwaka 1998, kinatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, lakini kinamlinda aliye chini ya miaka 18 pekee. Shahidi mkuu mara nyingi ni mtoto anayelala nyumba moja na watuhumiwa, hivyo ni rahisi kumnyamazisha. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji kwa umri wowote na inamwadhibu pia anayemvusha mtu mpaka ili akeketwe. Tofauti hiyo ina uzito kwa Wakurya, wanaoishi pande zote mbili.

Sababu ya tatu ni waliokwisha kukeketwa. Kutokwa damu, maambukizi na kuziba kwa mkojo huhitaji tiba ya haraka, ila familia inayoogopa kukamatwa humficha mgonjwa. Matibabu yanapaswa kutangulia mahojiano.

Kampeni ya Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia huisha Desemba 10, likizo ikiwa changa. Mpango unaofaa huanza Novemba, walimu wakiwatambua walio hatarini na kuwafundisha kupiga 116, namba ya huduma kwa watoto. Kisha huendelea muhula mzima wa kwanza, mahudhurio ya kila aliyerudi nyumbani yakifuatiliwa.