Pete Kwenye Gome: Mizinga ya Magome na Uhai wa Miombo ya Manyoni

Katika mijadala ya uhifadhi wa miombo ya Mkoa wa Singida, hususan wilayani Manyoni, husikika hoja kwamba mzinga wa gome haustahili lawama, kwa kuwa miti inayoambuliwa na wafugaji nyuki ni michache mno ikilinganishwa na ile inayofyekwa kwa ajili ya mashamba na mkaa. Kwa hesabu ya miti hoja hiyo ni sahihi. Hata hivyo, inapuuza ni mti upi unaoambuliwa, kwa namna gani na katika msimu gani.

Kuhusu kazi ya gome hakuna ubishi. Sukari inayotengenezwa majanini hushuka mizizini kupitia floemu, tabaka laini la ndani ya gome, na chini yake ipo kambiamu, yaani seli zinazozaa gome na mbao mpya. Kindi wa kijivu, waliopelekwa Uingereza kutoka Marekani kuanzia mwaka 1876, huambua miti michanga ya jamii ya mwaloni wakiifuata floemu hiyo. Jeraha la upande mmoja mti huweza kuliziba, ilhali jeraha linalozunguka shina lote hukata chakula cha mizizi na kuua sehemu iliyo juu yake. Nungunungu na tembo watafunapo magome katika miombo, kanuni haibadiliki.

Mzinga wa gome hauwezi kupatikana bila jeraha kama hilo, yaani pete inayozunguka shina lote. Mtengenezaji huchagua mti wa miombo, mtundu au muyombo, ulio mnene, ulionyooka na usio na mafundo. Hukata mzingo chini na mwingine juu, hupasua mstari wa wima kati yake, kisha hulilegeza gome kwa kabari hadi livuke zima kama bomba, na kuliacha shina jeupe likikaushwa na jua. Gome huvuka kwa urahisi mti unapokua kwa kasi, na miombo huchipua majani mapya kabla ya mvua kwa kutumia akiba ya mizizini. Kwa hiyo pete inayokatwa baada ya hapo huenda ikaikuta mizizi ikiwa na akiba ndogo, isiyoweza kujazwa tena.

Wapo wanaotaja mbuyu, ambao huambuliwa kwa ajili ya kamba na bado huotesha gome jipya. Mfano huo hauthibitishi lolote kuhusu mtundu, kwa sababu shina la mbuyu limejaa maji na seli hai zinazoweza kuzaa gome upya. Ni kweli pia kwamba miombo huchipua kutoka visikini na mizizini, lakini chipukizi halitoi maua kwa wingi wa mti mkongwe. Mtundu ni miongoni mwa miti inayowapa nyuki wa miombo nekta, hivyo mzinga wa gome hupunguza malisho ya nyuki uliokusudiwa kuwahifadhi.

Mzinga wa mbao nao hudai mti, ila gogo moja lililopasuliwa hutoa mizinga kadhaa inayodumu zaidi. Sheria ya Misitu Na. 14 na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15, zote za mwaka 2002, zimekwisha kuweka msingi wa usimamizi. Katika wilaya yenye Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, mzinga wa gome haupaswi kuendelea kutengenezwa kutokana na mti ulio hai.