Kuacha sigara ni "kuamua tu"? Historia inasema vingine

Nimeadimika, najua. Mwisho wa semesta hauna adabu kabisa: insha tatu, majaribio mawili, na bumu lilishaisha zamani. Leo nimerudi na historia, maana ndiyo somo langu la kufundishia, ila msiogope, sio Mkutano wa Berlin. Leo ni historia ya kuacha sigara.

Sababu ni rumeti wangu. Yuko wiki ya tatu bila sigara. Hivi karibuni tunaenda fildi kufundisha, na jamaa amesema hataki watoto wa kidato cha kwanza wamnuse moshi akiwa anazunguka kukagua madaftari. Hii ni mara yake ya nne kujaribu. Kila aliporudi nyuma, maneno ya korido yetu yalikuwa yale yale: "Huyu hana msimamo. Kuacha sigara ni kuamua tu, mbona fulani aliacha siku moja?"

Nimekaa maktaba nikifukua hiyo hoja ya "kuamua tu". Nilichokuta ni hiki: dunia imeiamini hoja hiyo kwa zaidi ya miaka mia tatu, na kwa muda wote huo wavutaji walizidi kuongezeka.

ENZI ZA FIMBO

Tumbaku asili yake ni Amerika. Wazungu waliikuta huko baada ya 1492. Mnamo 1560 hivi, Jean Nicot, balozi wa Ufaransa kule Lisbon, akaipeleka kwa wakubwa wa Paris kama dawa. Jina lake ndilo lililozaa neno nikotini. Haikuchukua muda dawa ikawa starehe, na starehe ikawapa watawala kichwa kuuma.

Mwaka 1604 mfalme James I wa Uingereza aliandika mwenyewe kijitabu cha kuiponda tumbaku. Alipoona maneno hayatoshi, akapandisha ushuru kutoka pensi 2 hadi shilingi 6 na pensi 10 kwa ratili moja. Pigeni hesabu, hiyo ni mara 41! Waingereza walipunguza? Wapi. Walianza kuingiza kwa magendo, na wengine wakailima wenyewe.

Sultani Murad IV wa dola ya Waturuki akaenda mbali zaidi. Mwaka 1633 alipiga marufuku tumbaku, na adhabu ikawa kifo. Watu waliuawa kweli. Lakini baada ya yeye kufa marufuku ikalegezwa, na leo ukitaja Uturuki watu wengi wanawaza kahawa na moshi.

Sasa jiulize. Kama upanga wa sultani haukutosha kumfanya mtu "aamue tu", kucheka kwenu koridoni kutatosha?

MASHINE NA KARANGA

Hata hivyo, kwa miaka mingi sigara za kuzungushwa zilikuwa ghali, kwa sababu zilitengenezwa kwa mkono. Mfanyakazi hodari alitoa kama 3,000 kwa siku. Mwaka 1880 kijana mmoja wa Virginia, James Bonsack, akaja na mashine iliyoweza kutoa takriban 120,000 kwa siku. Bei ikaporomoka. Zikaja vita mbili za dunia, askari wakagawiwa sigara pamoja na chakula chao, na mamilioni wakarudi nyumbani na bunduki wameiacha ila sigara wameibeba.

Na sisi hatukubaki nyuma. Mnakumbuka ule Mpango wa Karanga wa wakoloni, ulioanza 1947 na kuporomoka 1951? Kongwa, Nachingwea na Urambo. Tulikariri kwamba ulishindwa, basi. Tusichoambiwa sana ni kwamba kule Urambo mashamba yaligeuziwa kwenye tumbaku miaka ya 1950, na mkoa wa Tabora ukaja kuwa kitovu cha zao hilo nchini. Kuna wenzetu humu kampasi ada zao za shule zimetoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Kwa hiyo ninapoandika haya simtukani mkulima. Nazungumzia yule aliye upande wa pili, mwenye kiberiti.

MADAKTARI WALIOJUA

Hapa ndipo panaponigusa zaidi. Mwaka 1950 zilitoka tafiti mbili kubwa zilizounganisha sigara na saratani ya mapafu. Moja ilikuwa ya Marekani, ya Ernst Wynder na Evarts Graham. Ya pili ilikuwa ya Uingereza, ya Richard Doll na Austin Bradford Hill.

Huyu Graham alikuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1933 alimtoa mgonjwa wa saratani pafu zima na mgonjwa akapona, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa. Yaani ni mtu aliyeshika mapafu ya wavutaji kwa mikono yake. Na yeye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa! Aliacha baada ya kuona ushahidi wa utafiti wake. Mwaka 1957 akafariki, kwa saratani ya mapafu. Elimu ilimfikia akiwa amechelewa.

Doll naye alikuwa mvutaji, akaacha wakati utafiti bado unaendelea. Mwaka 1951 yeye na Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza kama wanavuta, na takriban 40,000 wakajibu. Wakafuatiliwa kwa miaka 50. Matokeo ya mwaka 2004 yanasema hivi: aliyeendelea kuvuta alipoteza kama miaka 10 ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa miaka 3 hivi, wa 50 aliokoa 6, wa 40 aliokoa 9, na aliyeacha akiwa na miaka 30 aliokoa karibu yote 10.

Soma tena hiyo namba ya mwisho. Sisi wengi humu tuna miaka 22, 23. Yaani rumeti wangu bado ana nafasi ya kurudisha karibu kila kitu. Ndio maana sipendi mtu amkatishe tamaa.

ALOSTO YAPATA JINA LA KISAYANSI

Mwaka 1964 Mganga Mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, alitoa ripoti rasmi kwamba sigara inaua. Aliitangaza siku ya Jumamosi ili soko la hisa lisitikisike. Lakini ripoti hiyo hiyo iliita kuvuta sigara "mazoea", haikuita uraibu. Msione ni neno dogo. Ukishasema ni mazoea, maana yake aliyeshindwa kuacha ni mzembe tu.

Jibu lilianzia chini ya bahari. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Sweden waligundua kwamba wanamaji wa nyambizi, ambao hawaruhusiwi kuvuta wakiwa ndani, walihamia kwenye tumbaku ya kutafuna na wakatulia. Kumbe hawakuwa na kiu ya moshi, walikuwa na kiu ya nikotini! Wakamwandikia Ove Fernö, mtaalamu wa kampuni moja ya dawa, ambaye naye alikuwa akihangaika na sigara zake. Fernö akatengeneza bigijii yenye nikotini. Ilichukua muda mrefu hadi ikaruhusiwa, Uswisi mwaka 1978 na Marekani mwaka 1984. Sasa mtu anayeacha sigara akaweza kupewa dawa badala ya mahubiri.

Mwaka 1988 Mganga Mkuu mwingine wa Marekani, C. Everett Koop, akanyoosha lugha: nikotini inaleta uraibu, na namna inavyofanya kazi inafanana na heroini na kokeni. Hata hivyo, Aprili 1994 wakuu saba wa makampuni ya sigara walikula kiapo mbele ya kamati ya bunge la Marekani na mmoja baada ya mwingine wakasema wanaamini nikotini haileti uraibu. Saba wote! Kwa hiyo hata hoja ya korido yetu ina wazee wake wenye suti.

Neno alosto tumezoea kulisikia kwa mateja wa unga. Lakini mvutaji naye analo. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na baada ya kama saa mbili nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Ubongo uliozoea unaanza kudai. Hapo ndipo hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoisha, na kusoma ukurasa mmoja mara tano bila kuelewa. Huwa kali zaidi wiki ya kwanza, kisha hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Wiki ya kwanza rumeti alinifokea kwa sababu ya kijiko. Kijiko, jamani. Nikanyamaza, maana nilijua anayefoka ni nani.

BAADA YA ALOSTO

Sasa wiki ya tatu hasira zimepungua, lakini kuna kitu kingine, na hiki hakuna bigijii inayokitibu. Waliosoma Saikolojia ya Elimu wanamkumbuka Pavlov na mbwa wake. Kengele ikilia, mbwa anatoa mate hata kama nyama haipo. Hapa Dar kengele tunayo: wale vijana wanaouza karanga na sigara moja moja, wanaotikisa sarafu mkononi, cheke cheke cheke. Tukiwa Mwenge juzi sarafu zikalia, rumeti akageuka kabla hajajua amegeuka. Akacheka mwenyewe. Akanunua karanga.

Chai ya asubuhi ni kengele. Kumaliza mtihani ni kengele. Kijiwe cha nyuma ya hosteli ndicho kengele kubwa kuliko zote, kwa sababu pale ndipo walipo marafiki zake. Akiacha sigara anaacha pia dakika kumi za stori, mara sita kwa siku. Hajui aweke mikono wapi. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na hapo naona hawakukosea.

Mwaka 1983 James Prochaska na Carlo DiClemente walichapisha utafiti juu ya watu 872 waliokuwa wakibadilika wenyewe kuhusu sigara. Waliona kwamba kuacha ni safari yenye hatua: hujafikiria, unafikiria, unaacha, unadumisha. Na wengi huteleza, wanarudi nyuma hatua moja au mbili, kisha wanasonga tena. Kwa hiyo mara tatu za rumeti hazikuwa ushahidi kwamba hana msimamo. Kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi.

Ndio maana pia sheria zimesaidia pale ambapo fimbo ya Murad ilishindwa. Tanzania ilitunga sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, Kenya mwaka 2007. Ireland mwaka 2004 ilikataza kuvuta kwenye sehemu za kazi, baa zikiwemo. Sheria hizi hazimkati mtu kichwa, zinapunguza tu kengele zinazomzunguka.

OMBI LANGU

Basi, wadau, kama una rafiki anayeacha sigara, usimpime kwa maneno. Usimwambie "moja tu haiui". Akifoka, mpe siku chache. Mkiwa mnapiga stori, hamieni sehemu isiyo na moshi na yeye awepo, asije akalazimika kuchagua kati ya mapafu yake na marafiki zake. Hamu ikimjia, mara nyingi ni ya dakika chache, mtembeze, mpe maji, mpe karanga. Na akiteleza, muulize tu anaanza tena lini.

Mfalme alishindwa, sultani alishindwa. Mtu wa jirani anaweza.

Narudi kwenye insha zangu, lekcha hajali nimeandika nini huku. Nawasilisha.