Urari si Ulinganifu

Picha ikitundikwa ukutani, hata asiyesomea sanaa huweza kusema imekaa vizuri au inaelemea upande. Anachokihisi ndicho wasanifu wanachokiita urari. Istilahi hii huchanganywa mno na ulinganifu, ilhali ulinganifu ni njia moja tu ya kuupata urari.

Ulinganifu ni nusu moja kuirudia nyingine: ukiikunja karatasi katikati, maumbo yanalaliana. Itazame kanga. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, na mara nyingi kushoto ni sawa na kulia. Lakini jina, yaani ule msemo wake, limeandikwa sehemu ya chini peke yake. Juu halina mwenzake. Ulinganifu wa juu na chini umevunjika, na bado kanga imetulia machoni.

Urari hupima uzito ambao jicho linauhisi. Umbo kubwa huvuta kuliko dogo, rangi kali kuliko iliyopauka. Mahali nako kuna nguvu yake: Rudolf Arnheim, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sanaa na uonaji, alieleza kwamba kitu huongezeka uzito kadiri kinavyosogea mbali na kitovu cha picha. Hokusai wa Japani alilijua hilo kwa mikono. Katika chapa yake ya wimbi kubwa la Kanagawa, ya takriban mwaka 1831, maji yamejaa kushoto, na upande wa pili ni anga tupu na mlima Fuji, mdogo kiasi cha kudhaniwa wimbi jingine. Ila kilele chake cheupe kimezungukwa na anga la kijivu, tena wimbi lenyewe linajikunja kukielekea, basi jicho halina budi kufika pale. Picha haianguki.

Mshairi anaweza kuikataa tofauti hii ya urari na ulinganifu. Kwake urari ni wa vina na mizani, nane kwa nane, yaani ulinganifu mtupu! Mimi namsikiliza zaidi mhasibu. Katika urari wa hesabu, upande mmoja unaweza kuwa na tarakimu moja nene na wa pili ukawa na vijitarakimu kumi. Kinachotakiwa ni jumla zikutane. Kwa hiyo kazi ya Hokusai naiita urari usolinganifu. Ni istilahi ndefu kidogo, lakini mwanafunzi akiisikia hatakimbilia kukunja karatasi.