Vipima hewa vya bei nafuu: vinapima nini, na nini havipimi?

Wadau, ukiishi Geita, Kahama au Shinyanga vijijini, vumbi unalijua: barabara za udongo, malori ya mawe, makarasha yanayosaga kutwa. Halmashauri inaweza kulipima? Inaweza, tena bila kufilisika. Ila kuna mtego.

Kifaa chenyewe
Ni kiboksi kidogo kinachofungwa kwenye nguzo au ukuta. Feni inavuta hewa, mwanga wa leza unapiga chembe za vumbi, kifaa kinakadiria wingi wake, halafu takwimu zinatumwa kwa laini ya simu. Mashine kubwa za kitaalamu zinafika makumi ya maelfu ya dola. Hivi ni rahisi mno, mji mmoja unaweza kufunga vingi.

Jirani wameanza
Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulianza 2015. Wanatengeneza vifaa vyao wenyewe, vya kuhimili vumbi, joto na umeme wa kukatika-katika, na wanashirikiana na Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA).

Kiwango
Vinalenga chembe za PM2.5, zile ndogo zinazozama hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango inachopendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo.

Mtego uko hapa
1. Havioni mvuke wa zebaki. Mtu akichoma dhahabu Nyarugusu au Rwamagasa, kifaa kinaweza kuonyesha hewa safi huku watoto pembeni wanavuta sumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.
2. Havitofautishi moshi wa kuni na vumbi la mawe lenye silika. Vumbi hilo ndilo linaloleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona na unaorahisisha kifua kikuu.
3. Vumbi nene vinalipima vibaya, na unyevu wa masika unapandisha namba kwa uongo. Lazima vilinganishwe kwanza na mashine kubwa.

Kwa hiyo?
Halmashauri ikinunua, ifunge kimoja shuleni karibu na makarasha, kingine mbali, ilinganishe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa mazingira. Huyo ndiye wa kuulizwa namba zikipanda. Na zikiwa nzuri, mchenjuaji bado anahitaji kifaa cha kunasa mvuke, na mwenye karasha bado anatakiwa kumwagia mawe maji. Rangi ya kijani kwenye kompyuta haitibu mapafu ya mtu.