Upupu wa milimani: mboga yenye manufaa, dawa yenye mipaka

Unga wa kijani unaotokana na majani ya upupu wa milimani huuzwa katika miji ya Afrika Mashariki ukisifiwa kuwa huongeza damu, hushusha sukari na hutuliza maumivu ya viungo. Kwa wakazi wa Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, sifa hizo si jambo dogo. Malaria ingali tishio kubwa huko, na upungufu wa damu unaoambatana nayo huwaathiri zaidi wajawazito na watoto wadogo. Je, mmea huu ni upi, na unaweza kutegemewa kwa kiasi gani?

Jina moja, mimea miwili

Neno upupu hutumiwa kwa mimea miwili isiyo na undugu. Wa kwanza ni mtambaazi wa jamii ya maharage, Mucuna pruriens, ambao maganda yake yana vinyweleo viwashavyo. Huu huota katika nyanda zenye joto, na mbegu zake zina levodopa, kemikali yenye nguvu inayotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson. Haufai kuliwa ovyo.

Wa pili, unaozungumziwa hapa, ni Urtica massaica, ambao Wakikuyu wa Kenya huuita thabai. Huota kwenye miinuko yenye baridi na unyevu, kuanzia takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari: Mlima Kenya, Elgon, Rwenzori na safu ya Virunga, ambako hata sokwe wa milimani huula. Mji wa Arua uko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,200. Kwa hiyo, mmea uwashao unaookotwa kando ya mashamba ya Arua au Koboko huenda ukawa wa aina nyingine kabisa, na haupasi kupikwa kabla ya kutambuliwa na mtu anayeujua.

Kwa nini huwasha, na huliwaje

Majani na shina la upupu wa milimani vimefunikwa na vinyweleo vigumu vilivyo kama sindano za hospitali. Vikiguswa, ncha hukatika na kumwaga ndani ya ngozi kemikali kama histamini na asetilikolini, ndizo zinazoleta mwasho na vipele. Moto, kusagwa au kukaushwa vizuri huvivunja vinyweleo hivyo, na sumu yao huondoka.

Wapishi huchuma vichomozo vichanga kabla mmea haujachanua, mikono ikiwa imefunikwa kwa glavu au mfuko wa nailoni. Majani huoshwa, huchemshwa kwa dakika chache mpaka yalainike, kisha hukaangwa kama mchicha. Katika nyanda za kati za Kenya huchanganywa na viazi, mahindi na maharage na kupondwa kuwa mukimo.

Lishe: hesabu ya chuma

Uchambuzi wa aina ya Ulaya, Urtica dioica, ambayo ni ndugu wa karibu, unaonyesha kwamba gramu 100 za majani yaliyochemshwa zina takriban miligramu 480 za kalsiamu, kiwango kikubwa kwa mboga. Chuma, hata hivyo, ni karibu miligramu 1.6 tu, na mwili hufyonza sehemu ndogo ya chuma cha majani.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mjamzito apewe miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na asidi ya foliki. Ni dhahiri kwamba sahani ya mboga, au kijiko cha unga wake, haiwezi kushika nafasi ya vidonge vinavyotolewa kliniki.

Tiba: kilichothibitika

Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya inakubali majani ya upupu yatumike kwa maumivu madogo ya viungo na kwa kuongeza mkojo, na mizizi yake kwa matatizo ya mkojo yanayotokana na kuvimba kwa tezi dume, baada ya daktari kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa mkubwa zaidi. Idhini hiyo imetokana na matumizi ya miaka mingi, si na majaribio ya kitabibu yenye ushahidi wa kutosha.

Mwenye kutumia warfarin ajihadhari, kwa kuwa majani haya yana vitamini K nyingi inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Wanaotumia dawa za kisukari, za shinikizo la damu au za kuongeza mkojo, wenye ugonjwa wa figo au wa moyo, pamoja na wajawazito, wamuulize mhudumu wa afya kabla ya kuutumia kama dawa. Nchini Uganda, dawa za mitishamba zinazouzwa zinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Mnunuzi ana haki ya kuulizia usajili huo.

Mboga zilizo karibu

Anayetafuta mboga yenye lishe huko West Nile hana haja ya kuagiza unga kutoka mbali. Majani ya kunde, ambayo Walugbara huyaita osubi na huyapika kwa karanga au simsim, pamoja na mchicha na majani ya mlonge, hupatikana sokoni na hata uani. Kula embe, chungwa au limau pamoja na mboga hizo husaidia mwili kufyonza chuma, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia.

Mtu mwenye viganja na midomo iliyopauka, anayehema au kwenda moyo mbio kwa kazi ndogo, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Dalili hizo zahitaji kipimo cha damu na cha malaria, na mtoto aliyepungukiwa sana na damu huenda akahitaji kuongezewa damu siku hiyohiyo.